Vumbi la Kijani Chini ya Uyoga

Shangazi mpendwa,

Natumai magoti hayakusumbui sana na hii baridi. Huku Kawangware mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na jana asubuhi dada Nafula aliokota uyoga mweupe kwenye nyasi nyuma ya kanisa. Ulifanana kabisa na ule wa kwetu Bungoma. Alikuwa ameshauosha wakati mwenye nyumba wake, Mama Wambui, alipoingia.

"Ngoja kwanza," alisema. Yeye hukuza uyoga wa kuuza. Alikata kofia ya mmoja, akailaza juu ya karatasi nyeupe, akaifunika kwa bakuli.

"Mathee, si hizi tumekula tangu tukiwa wadogo?" Nafula akalalamika. "Na watoto wana njaa."

"Wape chai."

Jioni tulifunua bakuli. Kofia ilikuwa imeacha vumbi laini kwenye karatasi, mistari mistari, rangi ya kijani iliyofifia. Mama Wambui alituambia uyoga wenye vumbi la kijani hutapisha mtu hadi alazwe, na kwamba hata vumbi likiwa jeupe, hilo peke yake si la kuaminiwa. Nafula aliutupa wote chooni. Tukapika omena.

Shangazi, wewe ulituokotea uyoga miaka yote hiyo bila karatasi, na hakuna aliyewahi kuumwa tumbo. Nikirudi, nataka twende shambani sisi wawili, unionyeshe ulikuwa ukiangalia nini.

Akupendaye,
Nekesa