Siku Watoto Walipomjua Aliyempeleka Jess Mtoni

Nyumba ya Pili, Shamba la Tillybrex,
Kinbervie, Aberdeenshire,
Uskoti.
21 Machi 1955

Mpendwa mwanangu Wattie,

Nakusalimu wewe na mkeo Noeline, na huyo Colin mdogo ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Kabla ya lolote niambie kifua chako kikoje. Uliandika kwamba ulikata manyoya ya kondoo siku nne mfululizo shati likiwa limelowa, halafu ghafla ukahamia habari za mbwa. Mimi ni mama yako, nakujua ukihama habari. Vaa ile fulana ya sufu, hata kama huko New Zealand kuna jua. Jua lina udanganyifu wake.

Sisi huku hatujambo. Baba yako goti linamsumbua asubuhi wakati wa kukamua, mchana linamwachia. Elspet amerefuka, gauni la mwaka jana limempanda juu ya magoti. Kuku wawili walikufa kwa baridi ya Februari, yule mweusi na yule mwenye wivu.

Sasa kaa chini. Nina habari, nami nataka uisome polepole, ukimaliza umsomee na mkeo. Ulisema watu wa kwao wanamuuliza kwa nini uliondoka kwenu, na wewe unakaa kimya. Leo nakupa la kuwajibu.

Unaukumbuka wimbo alioutunga marehemu Jeems Rannie, yule mlimaji wa kwanza, mkuu wa walima kwa farasi, majira yale ulipofukuzwa kwa kusingiziwa kumzamisha farasi Jess ukiwa umelewa? Miaka saba umeimbwa kwenye mabweni ya vijana wa mashamba kote huku. Mbele ya Tillybrex mwenyewe, bwana mwenye shamba, haujapata kuimbwa hata mara moja. Mlio wake aliusikia ukipigwa kwa mluzi, maneno, hapana. Unajua mwenyewe, mwenye wimbo haimbiwi usoni.

Mwezi Januari shuleni kwa Elspet alikuja mwalimu mpya kutoka Edinburgh, Bi. Haldane, msichana mpole mwenye miwani. Alitaka watoto waimbe wimbo wa hapa hapa kwenye tamasha la shule. Mjane wa Jeems akampa huo. Basi mwalimu akawafundisha sauti vizuri sana, lakini maana hakuijua, wala watoto hawakuijua. Sasa ni matrekta kila mahali, Wattie. Mtoto wa miaka kumi hajui hata lijamu linavaliwa upande gani. Walidhani ni wimbo wa kumlilia farasi, basi.

Elspet akanyoosha mkono akasema, "Mama yangu anajua." Siku ya pili mwalimu akaniandikia kijibarua, eti niende nikawaeleze. Mimi! Niliyetolewa shule na miaka kumi na miwili nikang'oe viazi. Usiku ule sikulala. Baba yako alisema neno moja tu, "Isie, nyumba." Na kweli, mwanangu, nyumba hii ni ya Tillybrex, na kazi ya baba yako ni ya Tillybrex. Ndiyo maana miaka saba nimemwamkia kila Jumapili mlangoni pa kanisa, mzee wa kanisa yule.

Nikavaa koti langu jema, nikaenda. Wakaniketisha kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni. Bi. Haldane akausoma ule ubeti ubaoni:

Jozi ya kwanza ndani, Jess keshapita langoni,
mkia haukufungwa, wapepea mgongoni,
walimaji wanakula, bakuli zi mezani,
nani kampeleka Jess, kamwacha mle mtoni?

Sikumtaja mtu, Wattie. Nakuapia. Niliwafundisha kazi tu, kama alivyonifundisha babu yako. Niliwaambia jozi ya kwanza ya farasi ni ya mlimaji wa kwanza, na ya pili, ndiyo ya Jess, hutoka nyuma yake. Mlimaji wa pili akitangulia langoni, hatakuwa na rafiki zizini mpaka kufa. Niliwaambia mkia wa farasi wa kazi husukwa ukafungwa kabla hajatiwa mkokotenini, na kijana wa kazi angeona haya kumtoa mkia wazi kuliko kutoka yeye bila suruali. Hapo wakacheka. Nikawaambia saa ya chakula cha mchana hakuna mlimaji anayegusa hatamu, hata nyumba iungue.

Halafu katoto kamoja ka mbele kakasema, "Sasa aliyemtoa Jess si mlimaji."

Nikasema, "Umesema wewe."

Katoto kenyewe ni Rona, mjukuu wa Tillybrex.

Sasa nitakueleza jambo ambalo sijamweleza hata mchungaji. Bi. Haldane alifurahi mno, akasema siku ya tamasha mtoto mmoja atasimama kwanza awaelezee watu maana ya wimbo, na anayesoma vizuri kuliko wote ni Rona. Yeye mgeni, hajui kitu. Ningeweza kumwambia. Nilifunga vifungo vya koti langu kimoja kimoja, na mdomo wangu nikaufunga pia. Yule mtoto nilimhurumia, na bado namhurumia. Babu yake sikumhurumia.

Tamasha likawa Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, saa tisa alasiri, ukumbini. Tillybrex alikaa mbele kabisa na saa yake ya mnyororo, maana ndiye aliyekuwa anatoa zawadi. Kwenye karatasi ya ratiba iliandikwa tu "Wimbo wa zamani wa farasi". Nyuma walijaa wazee wote waliowahi kushika plau, na Dod na Hendry uliokuwa ukilala nao bweni moja. Wale waliokuwa mezani na wewe siku ile, bakuli mikononi, wakamsikia bwana amerudi kutoka mnadani na pombe yake kichwani akimtoa Jess mwenyewe. Wakanyamaza, kwa sababu kazi ilikuwa ya bwana, na kwa wenye wake, nyumba pia.

Rona akasimama, nywele kasuka mbili. Akaeleza jozi ya kwanza. Akaeleza mkia. Akaeleza saa ya chakula. Akamalizia kwa sauti nzuri ya kusikika mpaka mlangoni: "Kwa hiyo aliyemzamisha Jess alikuwa mtu asiyejua kazi ya farasi, na walimaji hawakuwa na kosa."

Ndipo wakaimba. Kwenye mstari wa mwisho wazee wa nyuma wakaingia na sauti zao nene, bila kualikwa. Nani kampeleka Jess. Waliurudia mara tatu. Mimi nilimtazama Tillybrex shingo tu, nilikuwa nyuma yake. Ilianza nyekundu, ikaishia nyeupe.

Alipoinuka kutoa zawadi, yule mtoto akapokea kitabu chake, akamuuliza, hata hakunong'ona, "Babu, ni Jess yule ambaye jina lake bado limeandikwa pale zizini kwetu?"

Alimpa mchungaji zawadi zilizobaki, akatoka na kofia mkononi.

Moyo wangu ulifanya nini, unauliza? Ulikula ukashiba, mwanangu. Siku za mwizi ni arobaini. Za huyu zilifika miaka saba, lakini zilifika.

Wakati wa chai Bogfern akanijia na kikombe, yule mkulima wa ng'ambo ya kilima aliyekunyima kazi mwaka ule kama walivyokunyima wengine.

"Mama Wattie," akasema, "mwanao nilimkosea. Niliambiwa ni mlevi."

"Uliambiwa na nani?"

Akatazama ndani ya kikombe. "Unajua na nani."

"Basi sema. Hapa tuna watu, na mimi nina masikio."

Akalitaja jina, Wattie, kwa sauti, mbele ya mke wa mchungaji na sahani ya mikate. Ndicho nilichokuwa nakitaka. Halafu akaniuliza kama baba yako anaweza kuhamia kwake, ng'ombe wake hawana mkamuaji wa maana. Nikamwambia ningefikiri. Nilikuwa nimeshafikiri kabla hajamaliza, ila mtu kama yule asubirishwe kidogo.

Jumatatu asubuhi Tillybrex alikuja mpaka mlangoni pa zizi. Baba yako alikuwa chini ya ng'ombe. Akamwambia, "Mkeo amenivunjia heshima, nyumba nitaitaka mwisho wa Mei." Unamjua baba yako, maneno yake kwa mwaka mzima yanaenea mfukoni. Hakuinuka hata kwenye kigoda. Akamwambia, "Mkia wa farasi hufungwa, bwana. Hata watoto wa shule wanajua." Akaendelea kukamua. Alinisimulia usiku, na mimi nikambusu kwenye upara, jambo ambalo sijalifanya tangu harusi ya shangazi yako.

Kwa hiyo tarehe ishirini na nane Mei tutahamia shambani kwa Bogfern. Nina wasiwasi, sikufichi. Bomba la moshi la huko halivuti vizuri, na Elspet kifua chake ni kama chako. Lakini nitalala.

Jana kanisani watu walimwamkia Tillybrex kama kawaida, kwa adabu zote. Ila kila alipopita, kuna mtu alipiga mluzi. Wa kwanza alikuwa Dod, wa pili sikumwona, wa tatu, Mungu anisamehe, alikuwa mpiga kinanda mwenyewe. Mchungaji akanivuta pembeni akaniambia nimsamehe mzee yule, angalau nimwombee. Nikamwambia ninamwombea kila usiku. Namwombea maisha marefu, na masikio mazima.

Mpe Noeline mkono wangu, na Colin mbusu kwenye mashavu yote mawili. Baba yako, Elspet, shangazi Jessamine, Dod na Hendry wote wanakusalimu. Hendry anasema umsamehe kwa kunyamaza, nami nimemwambia akuandikie mwenyewe. Mungu akulinde juu ya milima hiyo, akupe mikono yenye nguvu na kitanda kikavu. Ukitaka kurudi, jina lako huku sasa ni safi. Usipotaka, nalo pia ni safi huko uliko.

Ni mimi mama yako, anayekupenda kuliko anavyoweza kuandika,
Isie