Mheshimiwa Mtarajiwa

Jumatatu, 16 Oktoba 2000
Nimeshakata majani ya ng'ombe na kuosha vyombo. Naanza daftari hili. Naahidi kuandika yote, hata ya aibu. La kwanza: Baba anagombea udiwani kwa mara ya nne. Mara tatu ameshindwa. Leo sokoni Kwa Sadala kijana mmoja muuza ndizi alimwamkia, "Shikamoo, mheshimiwa mtarajiwa." Wenzake wakacheka. Baba akaitikia marahaba, akamwomba kura. Niliona aibu.

Jumapili, 22 Oktoba
Baba Mkubwa na watu wake hawatampigia Baba. Ni wengi. Kosa ni la Baba. Kampeni zilizopita alisema jukwaani kwamba kaka yake anafungulia maji ya mfereji siku isiyo zamu yake. Ilikuwa kweli. Lakini kaka hasemwi jukwaani. Tangu hapo hawasalimiani, hata kanisani.

Jumatano, 25 Oktoba
Nimemshauri Baba ampelekee Baba Mkubwa sale. Kwetu, ukiletewa jani la sale huwezi kukataa kusamehe. Yamejaa mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, ni kukata tu. Baba akakataa.
"Mwanangu, nikilipeleka wiki hii nitakuwa naomba kura, siyo msamaha."
Mama akasema, "Haya, kaa na heshima yako. Mimi nakwenda kukamua."
Nimemkasirikia Baba. Anataka kushinda kuliko kitu chochote, halafu hataki.

Jumapili, 29 Oktoba
Kura. Mama amevaa kitenge kipya. Baba Mkubwa amepita mbele ya nyumba yetu na watu wake. Hakugeuka.

Jumanne, 31 Oktoba
Matokeo yamebandikwa. Ameshindwa kwa kura chache. Watu wa Baba Mkubwa wangetosha na kubaki. Nimelia chooni. Baba alikunywa uji, akaenda kupalilia kahawa.

Jumamosi, 4 Novemba
Asubuhi Baba alikata sale, akapanda kwa kaka yake peke yake. Saa nne wakateremka wote wawili. Baba Mkubwa alikuwa amelishika jani.
"Unaniletea leo, kura zimeshahesabiwa?"
"Ndiyo maana nimeleta leo, kaka."
Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Mama akawapakulia mtori wa ndizi. Walikula wakizungumzia zamu za maji.
Sijui kama Baba amechoka kugombea. Hasemi. Nimeandika kikaratasi, nimekitia mfukoni mwa koti lake la kanisani. Nataka jibu kesho kabla ya ibada. Nimeandika hivi: Baba, uchaguzi ujao nitakuwa na miaka kumi na tisa na kura yangu mwenyewe. Utagombea?