Chuma cha Wati Mia

Jumanne jioni

Hongera kwangu, fundi mkuu wa mtaa wetu wa Nyakabiga. Nimeunguza redio ya Mama.

Dukani kulikuwa na vyuma viwili vya kulehemu: cha wati thelathini, na cha wati mia, bei nusu. Mama muuzaji akaniuliza, "We, unataka ya redio ao ya mabati?" Nyuma yangu walisimama wateja watatu, basi mi, bingwa wa kuona haya, nikanyoosha kidole tu kwa kile cha bei ndogo.

Ni cha mabati.

Nilitaka kuunga waya mmoja. Kikaunguza waya, kikayeyusha plastiki, kikabandua shaba yote ya kibao cha chini.

Na Papa anashuka kesho na basi toka Gitega. Bila habari za redio, Mama atajuaje kama barabara iko wazi? Nilipomwambia, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alijifunga kitenge, akakimbia kusikiliza redio ya jirani kabla ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, saa ambayo hata mbwa hawatoki.

Amerudi sasa hivi, anahema. "Barabara iko wazi. Na redio ya jirani inakwaruza, anauliza kama utamutengenezea."

"Apana!" nikasema, kwa sauti ambayo hata mi sikujua ninayo.