Kastabini Ikilala, Unabaki

Kwako Yaya, kaka yangu, mtoto wa kwanza wa Baba,

Salamu leo nimezipunguza, usinilaumu. Baba ni mzima kwa kiasi chake, na mimi ni mzima machoni pa watu. Nakuandikia kwenye karatasi, na karatasi yenyewe nitaiacha wazi aisome anayetaka, kwa sababu kila nikikutumia sauti kwenye telefone unanijibu neno lile lile: "Nakuja, mudogo. Kiangazi hiki nakuja." Kiangazi kipi, Yaya? Hapa Kasongo vimepita tisa tangu uondoke, na kila kimoja kilikuja na vumbi lake, wewe hukuwemo.

Hali yangu unaijua, ila nitaisema tena usije ukadai hukuambiwa. Tangu upande wa kuume wa Baba ulipokufa, na huu ni mwaka wa tatu, mimi siendi mbali kuliko soko. Nikienda sokoni, Mama Zaina jirani anakaa mlangoni kwetu akichambua sombe, majani yake ya muhogo, na nikichelewa kidogo namkuta ameshasimama, mikono kiunoni. Dunia yangu ni chumba cha mbele chenye mashini ya kushona, chumba cha nyuma chenye kitanda cha Baba, na ua. Nageuka hapa, nageuka pale. Kuna siku nashona pazia la mtu huku nalia, naye mwenye pazia anafikiri ni mafua.

Na kule Kabambare kuna mama mwenye atelye ya ushonaji. Aliona kazi yangu harusini, akanitaka nikawafundishe wasichana wake. Chumba kipo, nyuma ya atelye. Amesema atanisubiri hadi barabara ikauke, zaidi ya hapo atamchukua mwingine. Muda wote huu nimekuwa nikijiuliza: nikikubali, Baba nitamwacha na nani? Nikikataa, nitazeekea kwenye kiti kile kile alichozeekea yeye. Shida yangu imekuwa hiyo, sikuwa na nyingine.

Sasa nikuambie jinsi nilivyorudi kwenye mchezo wetu wa utotoni, maana hukuamini nilipokudokezea.

Muganga wa viungo pale hospitali aliushika mkono wa Baba uliolala, akaupindapinda, akaniambia: "Huyu umupe kitu cha kukanda kila siku. Hata udongo." Basi nikaenda nyuma ya nyumba kwenye kile kichuguu, kile kile ulichokuwa unakichimba ukipigiwa kelele na marehemu Mama. Nikatwanga udongo, nikauchekecha, nikaulowanisha, nikampa Baba donge. Akakanda na kukanda, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, kisha akaweka mkekani kitu chenye kichwa na miguu miwili. Kilipungukiwa nguo tu. Nilishituka, maana mkono wangu ulikuwa umeshaingia wenyewe kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa.

Unakumbuka mvua ile, wewe ukiwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na mmoja? Mwalimu wa Kifaransa aliyepanga chumba kwetu alikuwa amehamishwa, akaacha chini ya kitanda fotokopi ya kitabu, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Kilieleza mchezo wa mezani: watu wanakaa, mmoja anasimulia safari, na wengine kila mmoja ana mtu wake mdogo ndani ya safari hiyo. Unasema mtu wako anafanya nini, kisha bahati inaamua kama ataweza. Wewe ulisoma kwa sauti, ukinitafsiria kwa kiburi cha mtu wa sekondari. Ukafika mahali palipoandikwa utupe *dé*. Tukatazamana. Kwenye nyumba ya fundi cherehani *dé* ni moja tu, ile kastabini ya chuma anayoivaa Baba kidoleni ili sindano isimtoboe. Ukaenda kuiiba.

Halafu kitabu kikasema msimulizi anaitwa *maître*, yaani bwana, nasi tukasikia metre. Kwetu metre ni ule utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwa Baba tangu asubuhi. Hukusita hata kidogo. "Basi mwenye metre ndiye anasimulia," ukasema, ukaununua utepe wa zamani kwangu kwa nusu ya kikwanga, mkate wangu wa muhogo, ukauvaa. Sikuupata tena shingoni mwangu mpaka ulipoondoka.

Sheria zilizoliwa na mchwa tulizitunga wenyewe. Kastabini ikisimama, mtu wako amepita. Kastabini ikilala, unabaki pale ulipo. Na we Yaya, kastabini gani inayotupwa mkekani ikasimama? Ililala, ililala, ililala. Watu wetu walikaa ukingoni mwa Lualaba muhula mzima wakingoja kuvuka, joka likiwakodolea macho kutoka majini. Ngome ya kitabuni tuliigeuza kuwa Nyangwe, tukaiweka ng'ambo ya mto, kwa sababu Nyangwe ndiyo ilikuwa safari yetu ndefu kuliko zote, na nilikuwa nimeapa kwamba mtu wangu mdogo, Maua, atafika.

Maua nilimvisha kitambaa cha maua, wako ulimvisha buluu ya uniforme ya shule, tukamwita Bulé. Ulikata spoku za baiskeli kuwa mifupa, mimi nikapaka udongo juu yake. Visu tulivitoa kwenye kopo la sardini. Tulikausha kivulini siku tatu wasipasuke, kisha tukawazika kwenye majivu ya jiko la mbabula Mama akishaepua chungu. Yeye ndiye aliyetuwekea sheria tuliyoiogopa kuliko zote. "Musiwatie macho," alisema. "Siku ya kiama mutaambiwa muwape roho. Mutaitoa wapi?" Kwa hiyo watu wetu hawakuwa na sura. Tuliwatambua kwa nguo zao tu.

Nami nitakusema hapa hadharani: ulikuwa mwizi wa mchezo. Kastabini yangu ikilala, uliivuta ile metre shingoni kama hakimu, "Imelala, mudogo, unabaki." Yako ikilala, "Hiyo imesukumwa na upepo, narudia." Upepo wa ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa! Ndivyo Bulé alivyovuka mto, akasimama ng'ambo, ukamwinua mkono wake wa spoku kumuaga Maua. Nililia siku ile. Baba akauliza kuna nini, ukamwambia nimejichoma sindano.

Uliondoka vile vile. Kiangazi kimoja tu, ulisema, unakwenda Lusangi kuchimba dhahabu, unarudi kumsaidia Baba. Kutoka Lusangi ukasikika Kalemie. Sanduku la mchezo lilibaki chini ya mashini kama tulivyoliacha, Bulé ng'ambo, Maua huku. Mimi nilikuwa nasogeza sanduku kwa mguu nikifagia, siku zote hizo.

Baada ya Baba kufinyanga yule mtu wake nikalifungua. Panya walikuwa wamekula nusu ya nguo ya Maua. Nikamshonea upya. Mtu wa Baba nikamvisha kipande cha kanzu nyeupe, na Baba akampa jina, taratibu, mdomo ukimkatalia: "Kan-zu." Tukaanza kucheza. Kila alasiri, cherehani ikipumzika. Mwanamke mzima, metre shingoni, napiga magoti mkekani nasimulia mto na joka kwa mzee wa miaka sabini! Mama Zaina alichungulia, akasema, "Ee, munacheza kama watoto, na sombe iko inaungua." Sikuona aibu. Kwa saa ile moja kuta zilikuwa zinarudi nyuma kidogo.

Nilikuwa na furaha hata nikatafuta kwenye telefone kama wako watu wengine wanaocheza hivi. Nikawaona, vijana wa Kifaransa, meza imejaa watu wadogo wazuri ajabu, wana macho na nyusi. Mmoja akasema atatupa *dé*. Akatupa kitu chenye pande sita, kina vitone. Niliirudia video ile mara nne. Yaya, neno ni moja, vitu viwili, kastabini na dadu! Mungu wangu, nilicheka hadi nikaegemea mashini. Utoto wote tulijifungia ukingoni mwa mto kwa sababu ya kofia ya kidole. Wenzetu walikuwa na bahati za kila namna, sisi tulijipa ya kulala tu.

Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Nikakutumia sauti ndefu, nacheka humo ndani mpaka nakohoa. Ulijibu baada ya siku tano: "Mudogo, ungali kwenye mambo ya watoto? Vumilia. Kiangazi nakuja." Yaya, afadhali ungenyamaza. Iliniuma kuliko miaka yote ile tisa, na bado inaniuma ninapoandika.

Sasa tatizo likawa Baba. Safari yetu ilifika ukingoni, na mimi, mwenye metre, nikaweka mtumbwi. Nikamwambia: "Kanzu, mtumbwi uko tayari. Unafanya nini?" Akamtazama Bulé kule ng'ambo, akasema: "Nangojea." "Unangojea nani?" "Bulé. Arudi, tuvuke wote." Kesho yake vile vile. Juma zima, mwezi mzima. Hata kastabini hakuitupa. Mimi nikasoma mambo yangu humo: huyu mzee hatahama Kasongo kamwe, anamngojea mwanawe, nikimtajia Kabambare nitamuua. Kwa hiyo ile habari ya atelye sikumwambia. Niliimeza kama dawa chungu, nikaendelea kushona mapazia.

Juzi mvua ilipiga bati tusisikilizane. Barua ya yule mama wa Kabambare ilikuwa imekuja asubuhi na mtu wa pikipiki: njia imeanza kupitika, anataka jibu. Nikakaa mkekani nimevurugika. "Kanzu, mwenye mtumbwi anasema amechoka. Unafanya nini?"

"Nangojea Bulé."

Nilipiga kelele, Yaya. Kwa Baba! "Bulé hatarudi! Baba, hatarudi, hatarudi! Amevuka kwa kuiba, yuko ng'ambo, ametusahau!" Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Haikuwa tena habari ya watu wa udongo, na wote wawili tulijua.

Baba alimtazama Bulé kule ng'ambo. Kisha akasema, neno kwa neno: "Najua. Miaka mingi najua."

"Sasa unangojea nini?"

"Wewe." Akapumua. "Nakuona ku telefone. Sauti yake, unaisikiliza mara tatu, mara ine. Nikasema, huyu mutoto anangojea kaka yake. Nikitoka hapa, nitamuvunja roho."

"Mimi nilikuwa nangojea kwa ajili yako, Baba."

Alinitazama kwa lile jicho lake zima. Kisha nusu ya uso wake ikacheka. "Tuko wajinga wawili," akasema.

Nilimweleza habari ya Kabambare papo hapo, mvua ikipiga, na chumba kile cha nyuma ya atelye. Nilisema, ila njia ni mbaya, Baba, ni pikipiki tu, utaanguka. Akasema: "Unifunge kwa kitenge ku mugongo ya mutu wa pikipiki. Nyinyi hamukubebwa?" Mama Zaina aliposikia alijishika kichwa, akatuhimiza tusubiri kidogo, mtoto wa kiume huenda akarudi, subira huvuta heri. Baba akamjibu: "Imevuta, Mama Zaina. Kamba imekatika." Na asiyekuwepo, na lake halipo, Yaya. Hukuulizwa kwa sababu hukuwepo.

Nimeshamjibu yule mama. Mashini itatangulia kwa baiskeli ya mizigo, sisi tutafuata kwa pikipiki mbili, tukilala njiani itakapobidi. Naogopa, sitakuficha. Naogopa madaraja, naogopa mgongo wa Baba, naogopa kufika kwa watu nikaonekana mshamba. Lakini asubuhi nimeamka nikagundua nimelala bila kuweka telefone sikioni, na kifua kilikuwa chepesi kidogo.

Ninayakumbuka mema yako pia. Ulinifundisha kusoma Kifaransa kwa kitabu kilicholiwa na mchwa. Ulinibeba mgongoni nilipougua surua. Siku ya kwanza ya Maua kukauka bila kupasuka, ulinizungusha uani ukiimba jina langu, majirani wote wakatoka. Nilikupenda kuliko mtu yeyote nyumba ile, na pengine ndiyo sababu nilikungojea kwa upumbavu mkubwa hivyo.

Siku moja utakuja kweli, nakufahamu. Utakuta mlango una kufuli, ua umeota majani. Usigonge sana, na usimgombeze Mama Zaina, kazi yake ameifanya. Atakuambia tulikokwenda. Kutoka Kalemie kuja Kabambare ni karibu kuliko kuja huku, kwa hiyo hata kisingizio cha njia nimekupunguzia. Ukifika utapiga hodi kama mgeni yeyote, nitakuwekea kiti, nitakupikia.

Ila dirishani hutanikuta. Sikuachi, Yaya. Naacha kukungojea.

Ni mimi, mudogo wako,
Kasongo, siku mbili kabla ya safari