Baba, Wamejifunza Kwako

Mpendwa baba,

Kesi yako imekuwa somo. Nakuambia mapema usije ukafikiri nimekuandikia habari za haki.

Unaukumbuka ukumbi wa mikutano ninapofanya kazi, hapa mjini, Sekei. Uliniletea mkungu wa ndizi siku moja ukagoma kuingia kwa sababu ya tope la kijijini kwetu Kikwe kwenye viatu vyako. Jumanne tulipokea mahakimu. Walikuja kwenye mafunzo ya kazini ya wale wanaosikiliza kesi za barabarani. Nilipanga vikombe, nikaweka chupa za chai, nikasimama nyuma kama kawaida. Mkufunzi, jaji mstaafu mwenye sauti ya upole, akaonyesha maandishi ukutani: dereva wa fuso, kivuko cha waenda kwa miguu, mzee mwenye baiskeli na ndizi. Majina yote yalikuwa yamefutwa. Wewe uliitwa marehemu.

"Mshtakiwa kasomewa shtaka," akasema mkufunzi. "Kajibu, ni kweli. Hakimu kafanya nini?"

"Kamfunga," wakajibu.

"Maelezo ya tukio kamsomea? Kamuuliza kama anayakubali?"

"Njaa hiyo, mheshimiwa," akasema mmoja. "Saa ya chakula ilikuwa imefika."

Ukumbi ukacheka. Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa hakimu wako, yuleyule aliyesikiliza kesi yako.

Hukuwepo, kwa hiyo nikueleze. Dereva aliyekugonga alipelekwa mahakamani, akasema ni kweli, akafungwa asubuhi ileile. Tulitoka tukipeana mikono. Elia, mwanao, alisema, "Huyu ndiye hakimu. Hana longolongo." Mama alitaka kumpelekea kuku. Kumbe haraka ile ndiyo iliyomfungulia dereva mlango. Alikata rufaa, Mahakama Kuu ikaona hakusomewa maelezo wala hakuulizwa kama anayakubali, ikafuta hukumu. Jaji aliacha nafasi mashtaka yaanze upya. Hakuna aliyeyaanza. Askari aliyechora ramani ya ajali amehamishwa, na mama muuza nyanya aliyekuona ukirushwa juu amerudi kwao. Dereva bado anapita Kikwe na fuso yake. Anapunguza mwendo kwenye kivuko, Elia anasema. Siku hizi.

Nikiwa nimesimama pale na birika mkononi, sikukumbuka mahakama. Nilimkumbuka ndama.

Na wewe unamkumbuka. Alikunywa dawa ya kunyunyizia kahawa iliyoachwa wazi kwenye ndoo karibu na zizi, akafa akitoa povu. Ulinisubiri getini nikitoka mazoezi ya kwaya, fimbo tayari mkononi, majirani wamekaa kwenye ukuta kama watu waliokuja harusini.

"Wewe ndiye uliyeacha dawa wazi?"

"Ndiyo, baba."

Nilijibu hivyo kwa sababu kwako kukataa kulikuwa kosa la pili, na kosa la pili lilikuwa na fimbo zake. Hukuniuliza ndoo ipi. Hukuniuliza nilikuwa wapi mchana ule, wakati kanisa zima lilinisikia nikiimba sauti ya kwanza. Ulichapa mpaka jirani mmoja akakwambia, "Mzee, mwache, si kashakubali?" Ukamjibu, "Ndiyo maana namchapa." Watu wakacheka. Walikusifu sana kijijini, baba. Mzee wa kanisa asiyepoteza muda. Watu walikuletea ugomvi wa mipaka na wa mifereji, ukaumaliza kabla chai haijapoa.

Jioni Elia akaja kukiri kwamba dawa aliiacha yeye. Ulikuwa unakula. Uliniangalia nilivyosimama, kwa sababu kukaa sikuweza, ukasema, "Imeshapita." Ukaomba chumvi.

Niliileta.

Wakati wa chai hakimu wako alikuja na kikombe chake. Hakunijua, ingawa asubuhi ya hukumu nilikaa mbele yake nimevaa nguo nyeusi.

"Mama, ya tangawizi ipo?"

"Ipo, mheshimiwa."

"Ile kesi yangu inazunguka nchi nzima," akamwambia mwenzake. "Nimekuwa maarufu."

"Basi tununulie nyama choma, staa."

Mkufunzi alikuwa amesimama hapohapo. Nikamuuliza kama kesi ya namna ile bado inaweza kuanza upya. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia marehemu ni baba yangu.

Hakimu wako aliweka kikombe mezani. Alitazama viatu vyake, kisha viatu vyangu. "Pole sana, mama," akasema. "Kwa kweli tumejifunza." Na ni kweli. Mchana ule walifanya mazoezi, mmoja akiwa dereva, mwingine hakimu, na kila mara maelezo yalisomwa taratibu, jambo moja moja, na dereva akaulizwa. Mzee atakayegongwa baada yako atapata kesi nzuri.

Mkufunzi alinishika bega. Alisema kisheria inawezekana, lakini bila mashahidi nisijiumize. "Imeshapita, mama," akasema.

Kwa sauti yako kabisa. Ilibaki aombe chumvi.

Tangu Jumanne najaribu kumchukia hakimu yule na siwezi kumtenganisha na wewe. Ungempenda. Mngekaa pamoja kwenye baraza la nyumba yako mkamaliza kesi za Meru nzima kwa asubuhi moja. Yeye angalau amepelekwa shule, akafundishwa kuuliza. Wewe hakuna aliyethubutu kukufundisha, na sasa umelala palipo pako bila kuulizwa chochote, wala kuombwa radhi.

Mama anataka nimtafute wakili. Elia anataka tumsubiri dereva kivukoni. Nimewaambia wote wawili maneno yako.

Jumapili nitakuja kupalilia kaburi, kwa sababu ni zamu yangu. Lala, baba. Imeshapita.

Ni mimi binti yako, niliyejibu ndiyo.