Wale Watu Wako wa Kabatini

Nyumba ya kona, ghorofa ya juu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Unalala vizuri? Kile kifua kinachoanza vituko baridi ikikaza kimetulia? Sisi huku wazima, ila Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, nami mgongo unaniadhibu kwa kuinamia cherehani kutwa. Usicheke, umri unakuja na kwako.

Nimekukumbuka sana wiki hii. Meza yetu imekuwa kubwa mno kwa watu wawili, na hakuna wa kugombea nami kiti cha dirishani.

Najua unajiuliza kwa nini kila ukipiga simu Mama yuko bafuni au ametoka. Hajatoka. Amekaa ubavuni mwangu, ananiashiria nidanganye. Anakuonea aibu, na sababu ni zile sanamu zako ndogo za plastiki.

Ulipoondoka ulimwomba jambo moja tu: vumbi lisiziguse. Na Mama unamjua, ukimwomba kikombe anakuletea birika. Alilifunga kabati la vioo kwa ufunguo, akaziba kila upenyo kwa utepe wa gundi, akalifunika shuka. Miaka yote hii amekuwa akilipangusa shuka hilo kwa nje tu na kuwasalimia "watu wako" kama wapangaji wasiosumbua. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Humu ndani wewe una chumba kizima, na mimi sina ruhusa ya kuweka humo hata pasi.

Mwezi uliopita tulitoa shuka likafuliwe. Yule shujaa wa kike mwenye upanga, uliyejinyima viatu ili umpate, alikuwa amemwegemea mwenzake kama mtu aliyetoka harusini. Tulipobandua utepe na kufungua, ikatoka harufu kama ya duka la viatu. Wote walikuwa wananata. Nywele zake nyeupe zimegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Mama alikaa kwenye kitanda chako akalia. Hakuwa amelia hivyo tangu siku uliyoondoka.

Nikamwita jirani yetu, fundi wa meno bandia, maana plastiki ndiyo kazi yake. Alishika, akanusa, akatueleza kwamba plastiki laini huchanganywa mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo hutoka kidogo kidogo kama jasho. Penye hewa hupotea. Pakizibwa, huwarudia wenyewe na kuwagandia. Vumbi lingefutika kwa brashi. Kilichowaumiza ni kufungiwa. Aliposikia hayo, ndipo Mama alipoanza kukwepa simu yako. Wema wake umemponza, maskini, na hajui atakuambia nini.

Tumewaogesha wote kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, na kunata kumepungua. Kabati sasa halifungwi. Zile nywele ndiyo basi tena, maji yamekwishamwagika. Aliyeinama, fundi alitaka kumnyoosha palepale: unamtia mguu kwenye maji ya moto, unamshika wima mpaka apoe. Mama akamzuia mkono.

"Mwache. Mwenyewe atakuja kumnyoosha."

Amemwekea kibiringo changu cha uzi mweupe chini ya kiwiko. Wateja wangu wanavumilia.

Basi nakuomba, usimuulize habari za kabati. Piga tu Jumapili ijayo, nami nitamtia simu mkononi, apende asipende. Na jingine: kila mwaka unasema utakuja mambo yakikaa sawa. Sisi hatukai sawa, mdogo wangu. Mama ameanza kuinama, mimi kichwani nina mvi, na hakuna kibiringo cha kutuegemeza. Natamani utukute bado tukiwa na rangi yetu.

Shangazi anakusalimu, binamu yetu Kijiko anakusalimu kwa kelele kama kawaida yake, na fundi wa meno anasema usiwe na hofu, mguu utanyooka. Mungu akutunze huko uliko, akufungulie njia ya kurudi.

Wako akupendaye hata ukinata,
Dada yako.

Tanbihi: Mama alikuwa anajifanya anakunja nguo, kumbe anasoma begani kwangu. Ameniambia niongeze hili: "Muulize, huko chumbani kwake anafungua dirisha?"