Tangazo Lililokwama Kwangu

Jumapili. Korogwe kuna manyunyu tangu alfajiri.

Naandika nikiwa nimetoka Kerenge. Nilikosa, na leo nimekwenda kusema nimekosa.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika redio moja ndogo hapa mjini. Alhamisi watangazaji walinilalamikia kwamba sauti inakwaruza hewani. Nikafungua mipangilio ya kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo wenzangu wanaogopa kugusa, na mimi napenda kuringa kwamba siogopi. Kila kifaa kikitaka kuhudumiwa huikatiza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa ishara yake. Mafundi tunaiita intarapti. Nikaona ishara za kadi ya mtandao zinaichelewesha kadi ya sauti. Nikazizima, nijaribu tu. Sauti ikawa safi kama maji ya mlimani Vugiri, na watu wakanipigia makofi.

Nikasahau kuziwasha tena.

Ijumaa mtandao haukuwepo kutwa nzima, na hakuna aliyeshtuka, maana kwetu mtandao kukatika si habari. Saa tano asubuhi yalisomwa matangazo ya vifo yaliyoletwa kwa mkono. Lile lililotumwa kwa barua pepe na wakala wetu wa Handeni halikuingia.

Bi Zubeda wa Handeni alikuwa amefariki alfajiri hiyo. Dada yake mkubwa, Bi Mwanahawa, anaishi Kerenge, huko mashambani ambako simu hazishiki. Watoto wa marehemu walijua mama yao mkubwa hakosi matangazo ya saa tano, kwa hiyo wakategemea redio.

Jana mmoja wao alipiga simu redioni akilia. Asubuhi hiyo alikuwa amemfuata Bi Mwanahawa Kerenge, akafukuzwa. Mama mkubwa alishasikia msiba kwa mchuuzi wa mahindi, akaamini wamemficha makusudi.

Ndipo nikafungua orodha ya intarapti, nikaona hesabu ya kadi ya mtandao imesimama palepale tangu Alhamisi. Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Barua pepe zikamiminika, tangazo la Bi Zubeda likiwamo. Nilipomweleza bosi, akaniambia tuseme ni mtandao uliokatika, yaishe.

Nilitamani sana kunyamaza.

Leo nilimkuta Bi Mwanahawa kibarazani kwake, peke yake, redio imezimwa. Nikamwamkia, nikapiga magoti. Nilianza kueleza habari za kadi na prosesa kama mjinga, nikaona namchosha. Nikasema tu, "Bibi, mimi ndiye niliyezuia tangazo lisifike. Wanao hawakukuficha. Nisamehe."

Akaniuliza:

"Lilisemaje?"

Nilikuwa nimelinakili kwenye simu, nikamsomea. Jina la marehemu, nyumba ya msiba, mazishi saa kumi alasiri. Mwishoni liliandikwa hivi: "Habari zimfikie dada yake, Bi Mwanahawa wa Kerenge. Afanye haraka. Marehemu hataoshwa mpaka afike."

"Walinisubiri?"

"Walikusubiri, bibi. Mpaka jua likakaribia kuzama."

Akajifunika uso kwa kanga, akalia. Na mimi nikalia, ingawa sikuwa na haki hiyo. Aliniambia katikati ya kwikwi kwamba alitaka amwoshe yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mdogo wake wa pekee.

Alipotulia akasema, "Hasira ilikuwa inanipa nguvu, mwanangu. Sasa umeiondoa, nimebaki na msiba mtupu."

Narudia maneno hayo tangu nilipopanda pikipiki kurudi. Nilijua atanitukana, nikajiandaa. Sikujiandaa kwa hili. Nilidhani ukweli ungempunguzia kitu. Sijui nilikwenda Kerenge kumsaidia yeye, au nilikwenda kutua mzigo wangu nikamwachia pale kibarazani.

Kesho nitamwambia bosi kwamba sitasema ni mtandao, hata kama atanifukuza. Lakini kwanza, asubuhi, nitampeleka Bi Mwanahawa Handeni kwa watoto wa mdogo wake. Amekubali kwa sharti moja: njiani nisimwombe tena msamaha.